Kumuuliza Mtoto si Kumpigisha Kura

Kila anayepigania mtoto mahakamani hulisubiri swali moja kwa moyo kudunda: hakimu atamwita mtoto amuulize anataka kukaa na nani? Mzazi anayeishi na mtoto wakati huo angependa aitwe kesho asubuhi. Asiyeishi naye husema mtoto bado mdogo, hajui kitu, amelishwa maneno. Mtoto akihamia upande wa pili kabla ya shauri kwisha, wazazi hubadilishana hoja bila hata kuona haya. Ubishi kuhusu sauti ya mtoto mara nyingi ni ubishi wa wakubwa, na mtoto ametajwa humo kama shahidi wa upande fulani.

Nitazungumzia zaidi Tanzania, ambako sheria mbili zinagusa jambo hili kwa namna zinazokaribiana bila kufanana, na ambako mahakama ya mwanzo, yenye hakimu na wazee wa baraza, yaweza kusikiliza shauri la ndoa ambalo hata Mahakama Kuu ina mamlaka ya kulisikiliza. Majirani nitawagusa panapobidi.

Msimamo wangu ni huu. Tunabishana mno kuhusu uzito wa kauli ya mtoto, na kidogo mno kuhusu jinsi kauli hiyo ilivyopatikana. Iliyopatikana vibaya haina cha kupimwa, hata kama msemaji ana miaka kumi na sita. Iliyopatikana vizuri humfaa hakimu hata ikitoka kwa mtoto wa darasa la kwanza.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka ustawi wa mtoto juu ya kila kitu. Chini ya ustawi huo hakimu anatakiwa kuzingatia mambo matatu: matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto ikiwa amefikia umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wahusika. Umri haukutajwa. Tukumbuke kwamba sheria hiyo ilitungwa miaka 18 kabla ya Umoja wa Mataifa kupitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kumweka mtoto kwenye orodha moja na wazazi na ukoo, mwaka 1971, lilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia leo.

Ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu chake cha 11 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kifungu cha 39, kinachohusu amri za malezi na kumtembelea mtoto, kinamtaka hakimu atazame maslahi ya mtoto na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, kisha umri na jinsia yake, ndugu kukaa pamoja, malezi kutokatizwa, na maoni ya mtoto iwapo ameyatoa kwa uhuru.

Sheria ya 1971 inamtazama mtoto: amekua kiasi cha kuwa na fikra zake? Ya 2009 inatazama mazingira: fikra hizo zimetoka bila mtu kumshinikiza? Kwa swali la kwanza, hakimu anaweza kuangalia cheti cha kuzaliwa na kumaliza. La pili linamrudia yeye mwenyewe, kwa sababu mahali, wakati na namna ya kumuuliza mtoto vimo mikononi mwa mahakama. Kwa mazoea, tumeganda kwenye la kwanza.

Na hata hilo la umri tumeligeuza. Kifungu cha 125 kina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Mitaani imegeuka kuwa kanuni kamili: mpaka saba ni wa mama, baada ya saba ni wa baba. Utamsikia mzazi akiitamka mbele ya baraza la usuluhishi kama mtu anayesoma risiti. Nusu ya pili ya kanuni hiyo haimo kwenye sheria. Kilichomo, tena ndani ya kijifungu hichohicho, ni onyo kwa hakimu kuhusu ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Mtoto akitimiza miaka saba, kinachokwisha ni ile dhana tu. Baada ya hapo hakimu anaanza kupima bila kuegemea upande wowote, na hapo ndipo maneno ya mtoto yanapopaswa kuingia kwa nguvu zaidi.

Kuhusu mila sina mengi. Tangazo la Serikali Na. 279 la mwaka 1963, lililoziandika mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliwaweka watoto upande wa baba. Lakini nchi hiyohiyo ina Waluguru na Wamakonde, ambao kwa jadi ukoo wao hupitia kwa mama na mjomba ana kauli nzito. Kwa hiyo anayesema mahakamani kwamba mila zetu zinajulikana, aulizwe ni zipi. Na ziwe zipi, swali la mila huwa mtoto ni wa nani. Sheria inauliza jambo jingine, mtoto atakua vizuri wapi.

Mwambao una hazina yake katika hili, na inasikitisha kwamba wanasheria wetu wengi huipita wakikimbilia Geneva, kwenye mikataba ya Umoja wa Mataifa. Waislamu wengi wa Zanzibar, Mombasa na miji ya pwani hufuata madhehebu ya Shafii. Katika fiqhi hiyo, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, ni ya mama mpaka mtoto afikie tamyizi, yaani uwezo wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida hukadiriwa kwenye miaka saba au minane. Kinachotazamwa ni uwezo: mtoto anakula mwenyewe, anakunywa mwenyewe, anajisafisha mwenyewe. Akifika hapo, awe wa kiume au wa kike, anapewa hiari ya kuchagua kati ya wazazi wake. Katika madhehebu mengine ya Kisuni, Wahanafi hawampi mtoto hiari hiyo, na Wahanbali humpa mvulana peke yake, kwa hiyo Washafii ndio waliokwenda mbali zaidi.

Msingi wake ni hadithi iliyopokewa na Abu Huraira. Mwanamke alimwendea Mtume akilalamika kwamba mume anataka kumchukua mwanawe, na huyo mtoto ndiye anayemtekea maji kisimani na kumfaa nyumbani. Mtoto akaambiwa: huyu ni baba yako na huyu ni mama yako, shika mkono wa umtakaye. Akaushika wa mama, wakaondoka.

Wengi huishia kwenye kisa hicho wakidhani fiqhi nzima ni kushika mkono. Wanazuoni walijenga nyumba nzima juu yake. Hiari inakuja baada ya mchujo: wazazi wote wawili wawe wanafaa kulea, wenye akili timamu na waaminifu. Mtoto haitwi kumhalalisha mzazi asiyefaa. Pia mtoto anaruhusiwa kubadili mawazo. Akimchagua huyu kisha akamtaka yule, huhamishwa, isipokuwa ionekane anayumba kwa sababu bado hajapambanua. Na kuchagua mmoja hakumfuti mwingine. Mvulana aliyemchagua mama hulala kwa mama, lakini mchana huwa kwa baba kwa ajili ya masomo na mafunzo. Aliyemchagua baba hazuiwi kumzuru mama yake.

Mchujo kwanza, matakwa baadaye, mlango wa kubadili mawazo ukiwa wazi, na mzazi mwingine akibaki mzazi: mpangilio huo ni mzuri kuliko mazoea ya mahakama nyingi za kisasa, ambako matakwa ya mtoto hutupwa kwenye kapu moja na mshahara wa baba, ukubwa wa nyumba na maneno ya majirani, kisha hakimu anatoa jibu bila kueleza kipi kilitangulia kipi. Shida inabaki kwenye utekelezaji. Aliyempa mtoto hiari katika kisa kile aliaminiwa na pande zote. Kadhi wa Unguja au hakimu wa Temeke anakutana na mtoto kwa mara ya kwanza maishani, asubuhi, huku koridoni wamejaa ndugu wa pande mbili wakimtumbulia macho. Ukimwambia mtoto wa leo ashike mkono mbele ya wote, umemfanya hakimu wa wazazi wake.

Swali lenyewe, unataka kukaa na baba au na mama, ni baya hata likiulizwa kwa sauti ya upole. Watoto hulijibu kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na mahali wanapotaka kuishi. Mmoja humtaja mzazi anayemwonea huruma, kwa sababu amemwona akilia usiku na anahofu atabaki peke yake. Mwingine humtaja anayemwogopa, kwa kuwa anajua nani atamkasirikia zaidi. Yupo anayemtaja aliyemleta mahakamani asubuhi ile, maana ndiye atakayerudi naye nyumbani jioni. Yupo pia anayemtaja mwenye king'amuzi cha katuni, na huyo simlaumu. Majibu yote hayo huingia kwenye mwenendo wa shauri kwa sentensi ileile: mtoto amesema anataka kukaa na mama yake.

Kuna jambo jingine la kwetu hasa, ambalo vitabu vya sheria vya Uingereza haviwezi kulisaidia sana. Swali la baba au mama linadhani kwamba atakayepewa mtoto ndiye atakayemlea. Si hivyo kila mara. Baba anayefanya kazi Dar es Salaam anapewa watoto, na muhula unaofuata wako kwa bibi Tukuyu, au wako bweni. Mama anapewa, naye ana mkataba wa kazi za ndani Oman, kwa hiyo mtoto atakaa na mama mdogo. Mtoto mwenyewe anaijua ramani hii kuliko hakimu. Anajua nani hupika, shangazi yupi ana mkono mwepesi wa kuchapa, nani hukumbuka kwamba ana pumu. Ukimpa majina mawili achague moja, umemnyima nafasi ya kukwambia yote hayo.

Kwa hiyo aulizwe maisha yake. Nani anakuamsha asubuhi? Ukiumwa usiku unamwita nani? Daftari la shule husainiwa na nani? Ukiwa kwa baba unalala chumba kimoja na nani? Kitu gani kikibadilika kitakuumiza zaidi? Kitu gani ungependa kiishe? Mtoto wa miaka sita anaweza kuyajibu maswali hayo bila kumsaliti mtu. Majibu yake yatamwonyesha hakimu matakwa na ushahidi kwa pamoja, hata kama mtoto hakutamka kamwe kwamba anamtaka fulani. Na mara nyingine yataibua jambo ambalo halikuwa kwenye hati za madai. Chukua kijana wa miaka kumi na tatu mwenye mdogo wake wa miaka sita, anayesema popote ni sawa ila asitenganishwe na mdogo wake. Hapo sheria zetu mbili zinavutana kidogo: ile ya 1971 inaruhusu kila mtoto apimwe peke yake na ndugu kugawanywa, ile ya 2009 inasema ni vema wakae pamoja. Kauli ya kijana huyo ndiyo inayompa hakimu sababu ya kuifuata ya pili.

Nani aulize? Sheria inairuhusu mahakama itake taarifa ya afisa ustawi wa jamii, naye ndiye mtu sahihi kuliko wote, kwa sababu anaweza kwenda nyumbani na shuleni. Anaweza kumkuta mtoto mara moja akiwa kwa mama na mara nyingine akiwa kwa baba, kisha akalinganisha. Mtoto ambaye kauli yake inabadilika kila anapobadilisha nyumba amekwambia jambo muhimu, ingawa si lile alilolitamka. Taarifa iliyoandikwa baada ya mahojiano ya nusu saa ofisini, mtoto akiwa ameletwa na mzazi mmoja na mzazi huyo amekaa benchi la nje, haina ubora huo. Najua maafisa hawa wana mezani mafaili ya matunzo, ya ukatili na ya watoto wa mitaani kwa wakati mmoja. Lakini Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, ambacho tangu 2021 kimekusanya mashauri ya mirathi na ya familia mahali pamoja, ni ushahidi kwamba Mahakama ikiamua kuyapa mambo ya familia nyumba yake, inaweza. Hatua inayofuata ni kuhakikisha mtoto wa Newala au Kibondo naye anafikiwa na mtu aliyefunzwa kumsikiliza.

Hakimu anapoamua kumwona mtoto mwenyewe, kwa kawaida humwita chemba, yaani ofisini kwake, bila wazazi na bila mawakili. Ni jambo jema, lakini linazaa tatizo ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Anachosema mtoto humo ndani ni siri au si siri?

Kikiwa siri, mzazi anashindwa shauri kwa sababu ya maneno ambayo hakuyasikia na hakupata nafasi ya kuyajibu. Pengine mtoto alisema baba hulewa, na baba ana shahidi kwamba aliacha pombe zamani. Haki ya kusikilizwa ni ya baba pia. Kikiwa wazi, mtoto anarudi nyumbani usiku ule kwa mtu ambaye wakili wake amekwisha kumsomea kila alichosema. Nadhani hakuna haja ya kueleza yanayoweza kufuata.

Uingereza walijaribu kulipunguza tatizo hili kwa mwongozo wa mwaka 2010 unaosema jaji anapokutana na mtoto hafanyi hivyo kukusanya ushahidi. Ushahidi unatoka kwa afisa aliyepewa kazi hiyo, na mkutano ni kwa ajili ya mtoto kumwona anayeamua mambo yake na kujua kwamba amesikika. Mgawanyo huo una mantiki, ila unategemea kuwapo kwa jeshi la maafisa ambalo sisi hatuna. Kwetu, mara nyingi hakimu ndiye mtu pekee atakayemsikiliza mtoto. Njia ninayoiona inafaa ni hakimu kumwambia mtoto mwanzoni kabisa, kwa maneno mepesi, kwamba hawezi kumwahidi siri yote. Mwishoni amuulize: katika haya uliyoniambia, lipi ungependa wazazi wako walijue, na lipi linakutia hofu wakilijua? Kisha aandike kiini cha mazungumzo na kuwasomea wazazi kwa namna isiyomweka mtoto hatarini. Jambo zito, kama kipigo, lisibebwe na neno la mtoto peke yake. Litafutiwe ushahidi wa daktari, mwalimu au jirani, ili mzazi ajibu ushahidi huo badala ya kumkabili mwanawe.

Na mtoto awe na haki ya kukataa. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika maelezo yake ya 2009 kuhusu Ibara ya 12 ya Mkataba, ile ya haki ya mtoto kusikilizwa, ilisema mambo mawili ambayo hapa kwetu hunukuliwa nusu: nchi zisiweke umri wa chini wa mtoto kusikilizwa, na mtoto halazimiki kuitumia haki hiyo. Mtoto anayeinamisha kichwa na kusema sijui, huenda anajua vizuri sana na hataki kusema. Asibanwe. Kunyamaza kwake nako kuandikwe, bila kutafsiriwa kwa faida ya upande wowote.

Nirudi kwenye lile la kulishwa maneno. Lipo. Mtoto wa miaka minane anayesema baba ametelekeza familia na hatoi matunzo kwa mujibu wa makubaliano, maneno hayo hakuyaokota uwanjani akicheza mpira. Kumgundua si kazi kubwa: unamwomba akusimulie siku moja ilivyokuwa, na mtoto aliyekaririshwa huishiwa, huku aliyeishi jambo huongeza vitu usivyomuuliza, rangi ya ndoo, jina la paka. Hatari inaanza pale wakili anapogeuza jambo hilo kuwa ugonjwa wenye jina. Mmarekani Richard Gardner alilipa jina la “parental alienation syndrome” mwaka 1985, akidai kuna ugonjwa unaomfanya mtoto amkatae mzazi mmoja kwa kupandikizwa chuki na mwingine. Nadharia hiyo imetumika kwenye mahakama nyingi duniani, na mara kadhaa imewageukia akina mama waliokuwa wakisema kweli kuhusu ukatili. Shirika la Afya Duniani liliondoa istilahi hiyo kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa mwaka 2020, na mwaka 2023 mwandishi maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, Reem Alsalem, alizitaka nchi zizuie matumizi yake katika mashauri ya familia. Tusiiagize sasa wakati wenyewe wanaitupa.

Halafu kuna jambo ambalo mawakili hulisahau wakishathibitisha kwamba mtoto kalishwa maneno: mtoto huyo bado hataki kwenda. Binti wa miaka kumi na miwili anayemkataa baba yake kwa sababu za kupandikizwa, kukataa kwake ni kwa kweli, na polisi hawezi kumbeba mpaka mlangoni kila Ijumaa. Sababu zake zaweza kuwa nyepesi kwenye mizani. Kukataa kwenyewe ni hali halisi ambayo amri ya mahakama inapaswa kuizingatia, labda kwa kuanza na saa chache Jumamosi nyumbani kwa shangazi ambaye pande zote zinamwamini, kabla ya kuzungumzia likizo nzima.

Wapo wanaotamani tuweke umri maalumu tumalize ubishi. Jimbo la Georgia, Marekani, limefanya hivyo: mtoto wa miaka 14 anachagua mzazi wa kukaa naye, na chaguo lake husimama isipokuwa mahakama ione halina maslahi kwake. California nayo inamtaka jaji amruhusu mtoto wa miaka 14 kuzungumza ikiwa mwenyewe anataka, isipokuwa ione kwamba kufanya hivyo si kwa maslahi yake. Ujerumani wameelekea upande mwingine; tangu mabadiliko ya 2021 jaji anatakiwa kumwona mtoto mwenyewe bila kujali umri, ila kwa sababu maalumu. Mimi niko upande wa Wajerumani katika hili. Namba humrahisishia hakimu kazi siku mtoto anapoivuka, na humpa kisingizio kabla ya hapo. Ninachotaka ni kanuni fupi: hakimu anayetoa amri ya malezi bila mtoto kusikilizwa aandike kwa nini.

Aandike pia alichokifanya na maneno ya mtoto. Hapa ndipo hukumu zetu zinapokuwa na upungufu mkubwa. Utakuta kurasa za mabishano kuhusu nyumba, kiwanja na pikipiki, kisha mstari mmoja: mtoto aliulizwa, akasema anampenda baba yake. Alikuwa na umri gani siku hiyo? Aliulizwa wapi, na nani alikuwapo? Alitoa sababu gani? Sababu hizo zilimshawishi hakimu au hazikumshawishi, na kwa nini? Jaji wa rufaa akipokea mstari ule hana cha kupima. Atarudisha jalada chini mtoto akasikilizwe upya, au ataamua kwa kubahatisha, na mtoto aliyekuwa na miaka minane sasa ana kumi na mmoja na ameanza maisha mengine. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imesogea hatua mbele kwa kuyafunga matakwa ya mtoto na uwezo wake unaokua, jambo linalomlazimisha hakimu aeleze amemwona mtoto wa uwezo gani. Lady Hale, akiwa miongoni mwa majaji wa Bunge la Malordi la Uingereza mwaka 2006, lilipokuwa bado mahakama ya juu ya rufaa, alikumbusha kwamba mtoto ndiye, kuliko mtu mwingine yeyote, atakayelazimika kuishi na uamuzi wa mahakama. Basi angalau mtu aketi naye amweleze umetoka vipi, na hasa pale uamuzi ulipokwenda kinyume na alichokisema.

Kuna sehemu moja ambako Sheria ya Mtoto ya Tanzania inampa mtoto nguvu kubwa kuliko kote, na ajabu ni kwamba ndiyo inayosahaulika. Kifungu cha 26 kinasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana au kuachana ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, ilimradi ratiba hiyo haivurugi masomo yake. Kila anapotaka mtoto. Haikusemwa kila anapotaka mzazi, wala kila anapokuwa amelipa matunzo. Linganisha na amri zinazotoka: mjibu maombi atamwona mtoto Jumamosi mbili za mwezi, saa nne hadi saa kumi. Haki ya mtoto imeandikwa kama ratiba ya baba. Baba akikosana na mama kuhusu ada, Jumamosi zinakufa, na hakuna aliyemuuliza mtoto kama anataka kwenda wala aliyemwambia kwamba anaweza kuomba.

Amri inaweza kuandikwa vingine. Inaweza kuweka siku za uhakika ili pasiwe na ubishi, kisha ikaongeza kwamba mtoto akitaka kwenda au kupiga simu siku nyingine nje ya masomo, mzazi anayeishi naye asimzuie; kwamba ratiba itaangaliwa upya mtoto akiulizwa tena baada ya mwaka; na kwamba mtoto ana jina na namba ya afisa ustawi wa jamii wa eneo lake, aliyopewa mkononi mwake na si mkononi mwa mzazi. Sheria ya Ndoa tayari inaruhusu amri za malezi kubadilishwa hali inapobadilika. Mabadiliko hayo leo huombwa na mzazi mwenye nauli na wakili.